Nguzo Isiyobeba Kitu

Baba yangu, Mutonkole wa mwiko na timazi,
alinifundisha kugonga nguzo kabla ya kuisifu.
"Piga kwa kifundo cha kidole, Umba. Kisha sikiliza."
Tulisimama mbele ya jumba la kale la kampuni,
nguzo sita nyeupe, nene kuliko mapipa ya mafuta,
jakaranda zimemwaga zambarau ngazini.
Niligonga. Ikajibu ko, ko,
kama mtungi ulioishiwa maji.

"Babu yako ndiye aliyeujenga huo utupu," akasema.
"Matofali ya udongo wa kichuguu,
lipu juu, chokaa juu ya lipu.
Paa linabebwa na ukuta wa nyuma.
Nguzo inabeba woga wako tu
unapopanda kuomba kazi."

Miaka ikapita. Darasani, mwalimu Odimba
akatutembeza Ulaya nzima kwa picha zilizofifia,
umeme ukikatika tukiwa katikati ya Roma.
Wagiriki, akasema gizani, waliacha nguzo wazi pande zote
ili watu huru wasimame kivulini wakibishana.
Nikaandika pembeni mwa daftari: nani alivuta mawe?
Swali hilo halikuja kwenye mtihani.

Yakafuata makanisa ya minara:
kizazi kimoja kinachimba msingi, cha nne kinapandisha kengele,
na mkulima analala na mbuzi wake chini ya nyasi;
Jumapili anainua shingo hadi imuume,
anadhani maumivu yale ndiyo mbingu.

Kikaja chuma, kikaja kioo, vikaja viwanda,
na nyumba za wafanyakazi mstari kwa mstari,
mlango mmoja, dirisha moja,
kama meno ya kitana.
Nikashtuka. Picha hii naijua.
Nimezaliwa ndani yake, Kamalondo,
kukiwa na jirani akikohoa ukutani kwetu
na bomba la moshi la kiwanda likitupangia saa.

Ulaya haikutuletea majengo peke yake.
Ilituletea na umbali.
Kati ya mji wao na wetu wakaacha uwanja mtupu,
upana wake wakaupima kwa mruko wa mbu,
wakisema mbu wetu atachoka njiani.
Mbu hakuchoka.
Aliyechoka ni mama yake baba,
alfajiri akivuka kwa miguu kwenda kufua mashuka,
magharibi akikimbizana na giza kurudi.
Wenziwe walilala bwayeri, nyuma ya bustani:
chumba kimoja, dirisha limeipa villa kisogo,
ili asiyetakiwa kuonekana naye asione.

Kiangazi kilichopita alinijia bwana Kaumba,
tajiri wa malori ya shaba, simu tatu mezani.
"Nataka nguzo nne mbele. Nene. Kama za zamani."
"Zibebe nini?"
Akacheka hadi akafuta macho. "Zibebe jina langu!"
"Na mtumishi atalala wapi?"
"Nyuma kule. Mbili kwa mbili zinamtosha."

Nikachora. Nina ada za watoto wawili,
na kalamu nayo hula.
Nguzo nne nimempa, tupu, kama desturi ya baba zetu.
Lakini chumba cha nyuma nimekisogeza kwenye jua la asubuhi,
tatu kwa nne, na dirisha pana
linalotazama ngazi za mbele na kila anayezipanda.
Matofali? Yale yaliyopungua ndani ya nguzo
yametosha huku.

Sijui kama ataona.
Watu wa nguzo hutazama nyumba zao wakiwa barabarani.

Leo fundi Nsenga, kijana wa mwaka wa kwanza,
amepita karibu na nguzo iliyokauka nusu,
akaigonga bila kuambiwa na mtu.
Ko, ko.
Akanigeukia, uso mzima ukiuliza.
"Chukua timazi," nikamwambia. "Twende nyuma.
Huko kuna ukuta unaobeba."